Waliniambia Moyo Umepona

Niliingia ndani na ndoo ya maji kichwani… nikakuta mwanangu ananing'inizwa juu ya moshi!

Mama mkwe wangu, Bernadina, kamfunika kanga gubigubi. Chini, chungu cha mavi ya tembo kinafuka. Kilio sikisikii. Kikohozi tu…

Ndoo ikaniponyoka.

"Mama! Huyo katoka kupasuliwa moyo!"

"Usimguse! Dege halijatoka."

Jamani wenye watoto wachanga, msinisome juu juu.

Ilikuwa miaka ya themanini, kijijini kwetu Kharumwa. Epifania wangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akinyonya, midomo inageuka kama kala zambarau. Tukahangaika hadi hospitali kubwa, mbali kabisa, nje ya nchi, akapasuliwa hata mwaka hajafikisha.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akaita, "Baba wa mtoto!"

Enzi zile ndivyo ilivyokuwa. Mimba unabeba wewe, mtoto unabeba wewe, ila maneno mazito anapewa baba. Nikabaki kwenye benchi.

Mume wangu Otmar akatoka anatabasamu.

"Kasemaje?"

"Moyo umepona. Twende nyumbani."

Basi!

Kijijini tukapokelewa kwa vigelegele. Mtoto midomo myekundu, ananyonya hadi anasinzia. Ila mimi roho haikutulia… Mkono wa kulia kakunja ngumi, haukunjuki. Mara macho yanakimbilia upande mmoja. Mara anatafuna, na mdomoni hamna kitu.

"Baba Epifania, hebu mtazame huyu."

"Woga wako ndio utakaomuua!"

Mama mkwe alipoona, akakata shauri: degedege! Na kwetu mtoto wa dege hachomwi sindano. Ikiingia tu, eti roho inatoka. Anafukizwa.

Ndiyo maana mchana ule nikamkuta kwenye moshi. Nikampokonya. Mayu wane, mama yangu! Mwili mzima unaruka, macho meupe…

"Otmar! Hospitali!"

Alikuwa uani, ananoa sururu yake ya kuchimbia dhahabu. Hakuinuka.

"Otmar!!"

"Daktari alisema…"

"Alisema nini?"

"Upasuaji wa moyo unaweza kuumiza ubongo wa mtoto. Damu ikipungua kichwani, au ikiganda… Tukiona mkono umekaza, macho yanakwenda upande, tumkimbize."

Nikamsogelea, mtoto kifuani.

"Ulijua?"

"Ningesema, ukoo ungenicheka nimeleta nusu mtoto. Nikawa namwomba Mungu tu."

Nikamgeukia mama mkwe, nikijua atamtetea mwanawe. Wapi! Alikipiga teke chungu, majivu yakatapakaa.

"Kumbe ulijua si dege? Ukaniacha nimfukize mjukuu wangu?"

"Mama, nisikilize…"

"Mama yako nani? Lete baiskeli!"

Bibi yule yule akapanda nyuma, mtoto kifuani, ngumi zikimshukia Otmar mgongoni. "Kanyaga! Dhahabu unaifuata mbio, mwanao je?" Mimi nakimbia nyuma yao, kanga inadondoka, siioni njia kwa machozi.

Nilipofika hospitali ya karibu nilimsikia mama mkwe toka nje akimfokea muuguzi: "Mchomeni! Mchomeni sindano, mnasubiri nini?"

Wakamchoma. Akatulia. Hakufa.

"Mmechelewa," daktari wa pale akasema. Safari hii aliniambia mimi.

Epifania leo ni mtu mzima. Moyo wake unadunda vizuri kuliko wangu. Mkono haukukunjuka. Na toka azaliwe hajawahi kuniita mama. Najua huenda ubongo uliumia palepale kwenye meza ya upasuaji. Huenda tungewahi, kitu kingeokoka. Hakuna wa kunijibu, ndiyo maana hadi leo silali vizuri.

Sisemi mkatae upasuaji. Bila ule ningemzika, na watoto wengi wanatoka salama. Nasema hivi: daktari akimwita baba, mama simama uingie naye! Wakikuambia moyo umepona, shukuru Mungu… halafu usitoke. Uliza, "Na kichwa je?"

Mimi nilikuwa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka mlangoni. Na mlango haukuwa umefungwa.