Hodi kwenye Kanda ya Mzee Panas

Rafiki yangu Daria si mtu wa kuzua mambo. Kijiji chao cha wakulima wa ngano, huko Saskatchewan, kilikuwa kinaandaa kitabu cha kuwakumbuka waliotangulia, naye akatumwa kwa Mzee Panas na kinasa sauti, akachukue habari za marehemu jirani yake, Paraska.

"Alikuwa na mdomo yule," mzee alicheka. "Mkate wako ukiungua, mpaka kijiji cha pili wanajua."

Kisha akasimulia kifo chake. Miaka arobaini nyuma, tufani ya theluji ilimkuta Paraska njiani, na asubuhi wakamkuta ameganda kwenye kizingiti cha Panas.

"Sikusikia kitu, binti yangu. Ulikuwa upepo tu."

Daria alimaliza chai yake, akaaga, akarudi nyumbani kunakili. Ilikuwa jioni ya mapema, lakini giza la majira ya baridi lilishaziba madirisha. Akawasha kanda.

Pale mzee aliposema hakusikia kitu, chini ya sauti yake mtu alikuwa akibisha. Ngo, ngo, ngo, taratibu, kama ngumi iliyokufa ganzi. Daria alitaka kuizima kanda. Lakini akabaki kusikiliza.

Komeo likavutwa. Mlango ukalia, upepo ukaingia. Halafu ikaja sauti ya Daria mwenyewe, tulivu, ikisema maneno ambayo hakuyatamka siku ile:

"Pita ndani, mama. Tulikusikia tangu mwanzo."