Jina Lililobaki Kwenye Orodha

Saa nne na dakika kumi asubuhi, nukta ya kijani iliwaka mbele ya jina la mtu aliyezikwa miezi mitano iliyopita.

Bi Kadi aliiona papo hapo, maana hapakuwa na asubuhi asiyolitazama jina hilo. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kituo cha kusafisha damu, kituo kidogo chenye mashine nane na viti nane, ambako watu wenye figo zilizochoka walikuja mara tatu kwa wiki kuazima siku nyingine mbili za kuishi. Jina lilikuwa la kaka yake. Ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyekikalia kiti hiki kabla yake, na katika orodha ya watumiaji wa mfumo bado alikuwa wa kwanza. Sheria ya kazi ilitaka amfute siku ileile ya msiba. Alijiambia atamfuta Ijumaa. Ijumaa zikapita, na jina likabaki pale, na nukta yake ya kijivu pembeni, kama kiatu cha marehemu ambacho hakuna mwenye moyo wa kukiondoa mlangoni.

Sasa nukta ilikuwa ya kijani. Maana yake: yupo, ameingia, anafanya kazi.

Chumbani kulinuka peremende za mnanaa, zilezile alizokuwa akizitafuna kaka yake. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua.

Mlango ukasukumwa. Sista Mkuu aliingia na kadi ya karatasi mkononi.

"Bi Kadi, hii kompyuta yako imelewa?"

"Imefanya nini?"

"Inaniambia nimtoe Mzee Redio lita tano za maji. Tano! Kadi inasema mbili. Nikimtoa tano, namrudisha kwao amelala chali."

"Nawasikia!" Sauti ilitoka ukumbini, kwenye kiti cha tatu. "Lita tano! Mimi ni pipa?"

Kadi hizo ndizo zilizompa fundi jina lake. Kila Jumatatu alizima mfumo kwa saa nzima na kuwalazimisha wauguzi kufanya kazi kwa penseli, kila mgonjwa wa wiki hiyo na kadi yake: uzito, dawa, maji ya kutolewa. Walimcheka. Daktari, mwenye kituo, aliuita mchezo wa watoto. Leo ilikuwa Jumanne, na kadi zilikuwa na umri wa siku moja.

"Mmeshamuunganisha?"

"Tangu saa tatu. Nimeiwekea mashine lita mbili kwa mkono wangu."

"Fuateni kadi tu. Kompyuta ikisema leo ni Jumanne, angalieni kalenda kwanza."

Hapo kipaza sauti cha ukumbi wa kusubiri kikakoroma. Kwa kawaida kiliita wagonjwa kwa sauti ya kike, kavu, iliyorekodiwa. Sasa kiliita kwa sauti ya mwanamume, ya upole, isiyo na haraka, na Bi Kadi aliitambua kuwa ya kaka yake, kwa kuwa alikua akiisikia sauti hiyo chumba cha pili. Iliita jina la kwanza. Iliita la pili. La tatu. La nne. Ukumbini hakuinuka mtu. Sista Mkuu aliiweka kadi kifuani.

"Hao wote," akanong'ona, "nimewaosha mimi mwenyewe kabla hawajachukuliwa na ndugu zao."

Mama Mfagizi alikuwa amesimama kwenye korido, ufagio wa maji umemkauka mkononi. Hakuonekana kushangaa, alionekana kukasirika, kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani kwake.

"Jini huyo, mwanangu. Amekuta jina halina mwenyewe, akalivaa. Nani kaliacha jina wazi humu?"

Bi Kadi aligeukia meza yake. Aliinama, akafungua sanduku la chuma chini ya meza na kutoa diski. Kila Alhamisi alinakili mfumo mzima, akachomoa diski na kuifungia, ili kitakachoingia kwenye waya kisiifikie. Akarudisha nakala. Hesabu zikatengemaa: Mzee Redio, lita mbili. Sista akashusha pumzi. Baada ya dakika saba nukta ya kijani iliwaka tena, na mbili ikawa tano mbele ya macho yao.

Ndipo alipoelewa alichokifanya. Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa mapenzi, alikuwa ameihifadhi nyumba pamoja na mlango wa mwizi. Jina la kaka yake lilikuwamo katika kila nakala.

"Ng'oeni nyaya za mashine!" alipiga kelele. "Za bluu, za mtandao! Za umeme msiguse!"

Nyaya nane zikang'olewa na kuning'inia. Mashine saba zikatulia. Ya nane, ya kiti cha tatu, waya wake ukiwa chini sakafuni, haikutulia: mbili ikawa mbili na nusu, mbili na nusu ikawa tatu.

"Izime!"

"Nimeizima! Inajiwasha!" Sista alikuwa ameshapiga magoti. "Siwezi kumchomoa ghafla, damu yake imejaa kwenye mipira. Namrudishia kwa mkono. Nipe dakika tano!"

Alichomeka mpini wa chuma kwenye pampu, ule wa siku za kukatika umeme, akaanza kuuzungusha. Pampu iliuvuta mpini upande wake. Sista aliuvuta upande wake. Mzee Redio, mtu aliyesimulia habari za dunia kutoka sindano inapoingia hadi inapotoka, alikuwa kimya, midomo imekauka. Kipaza sauti kikaita jina la tano, na lilikuwa lake, jina kamili, pamoja na la baba yake.

Mzee alifumbua jicho moja.

"Sijafika," akasema kwa sauti iliyochubuka. "Mwambie ajaribu mwakani."

Bi Kadi alirudi mezani. Kwenye kioo maandishi yalikuwa yakijiandika, vitufe vya kibodi vikishuka na kupanda bila kidole.

*Sindano.*

Hakuna aliyemwita hivyo duniani ila mmoja. Kaka yake alimpa jina hilo yeye akiwa msichana wa miaka sita, mwembamba na mwenye ulimi wa kuchoma, na kaka alikwenda nalo kaburini.

*Sindano, usinifute. Huku kuna baridi. Niache kwenye orodha tu, nami nitawarudishia hesabu zenu zote.*

Daktari, aliyevutwa na kelele, alikuwa nyuma yake, jasho likimtiririka. "Mkubalie," akanong'ona. "Ni jina tu. Jina linamdhuru nani?"

"Muulize Mzee Redio."

"Bi Kadi, nakuomba. Ni kaka yako."

Taa zilififia ilhali jua la saa tano lilikuwa dirishani, na harufu ya mnanaa ikamzunguka shingoni kama mkono, na chini ya mnanaa nywele zikaungua, na ile sauti ya upole ikatoka katika kila kitu kilichokuwa na uwezo wa kutoa sauti, kipaza sauti na simu ya mezani na kengele za mashine na koo la friji ya dawa, ikimwita Sindano, Sindano, kama alivyomwita zamani akimfundisha kuendesha baiskeli, mkono wake nyuma ya tandiko, na yeye, vidole vikiwa juu ya vitufe, alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote kugeuza kichwa na kumwona mtu huyo amesimama pale, akajua kwamba akigeuka hatarudi tena.

Hakugeuka. Alikumbuka kitanda cha hospitali, wiki ya mwisho, na kaka yake akimshika kifundo cha mkono kwa nguvu asizokuwa nazo. *Siku nitakayoondoka, nifute siku hiyohiyo. Usinionee huruma kwenye orodha. Niahidi.* Aliahidi. Hakutimiza.

"Wewe," alisema kwa sauti, "umejifunza peremende zake, umejifunza na jina langu. Lakini kaka yangu aliniagiza nimfute, nawe unanilalamikia nisimfute. Umevaa nguo ya mtu bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Ivue."

Vitufe vilimchoma vidole kama sufuria iliyotoka jikoni. Alilifuta jina kwenye mfumo. Akaunganisha diski, akalifuta humo pia. Kompyuta ikamuuliza, kama inavyomuuliza kila mtu: *Una uhakika?*

Machozi yalikuwa yanamdondoka. Akabonyeza ndiyo.

Kitu kilipita koridoni kuelekea nje, kizito, kisicho na miguu, na ndoo ya Mama Mfagizi ikapinduka. "Na usirudi!" mama akakifokea. "Nimeshapiga deki hapo!" Ukumbini mpini ulilegea mikononi mwa Sista, akazungusha mizunguko ya mwisho bila upinzani, na damu yote ikarudi kwa mwenyewe.

"Sasa," alisema Mzee Redio, "nani anataka kusikia yaliyonipata?"

Chumbani harufu ya nywele ilikuwa imekwisha. Ya mnanaa ilibaki kidogo zaidi, nyepesi, kisha nayo ikaaga.

Tangu hapo, kila siku saa nne na dakika kumi, mtu fulani hujaribu kuingia kwenye mfumo kwa jina la marehemu. Bi Kadi huchapa ukurasa wenye jaribio hilo, huandika *Imekataliwa* na kutia sahihi. Jumatatu iliyopita jina lilibadilika. Kwa mara ya kwanza aliyebisha aliandika *Sindano*, jina ambalo halijawahi kuwa kwenye orodha yoyote.

Aliuchapa ukurasa kama siku zote. Kisha akachukua kalamu, akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: *Hafunguliwi.* Akatia sahihi, akanyanyuka, akazima mfumo.

"Kadi!" akaita. Ukumbini, bila mtu kucheka, penseli nane zikainuliwa.