Pumzi Ndani ya Silinda

Plagi ilitoka imelowa, na hilo halikumshangaza Mama Spana, maana mashine ya kukatia nyasi iliyovutwa kamba asubuhi nzima bila kuwaka lazima plagi yake ilowe petroli. Kilichomshangaza ni harufu. Aliisogeza puani akanusa tena. Ilinuka maji ya mahali palipofunikwa miaka mingi, tena ilikuwa baridi kama barafu, ilhali nje jua la saa saba lilikuwa linachoma mabati.

"Umeiwekea nini hii?" alimuuliza mtunza bustani wa shule, aliyesimama mlangoni hataki kuingia.

"Petroli tu, mama."

"Usinizungushe, baba. Mwisho wangu saa kumi."

Saa kumi ndipo shemeji yake angekuja. Tangu mumewe afariki, miezi mitano sasa, shemeji huyo alikuwa na wimbo mmoja tu, kwamba karakana si mahali pa mjane. Juzi wakakata shauri mbele ya familia: mashine ya shule, iliyokwisha kuwashinda mafundi watatu, ikimshinda na yeye, funguo atazikabidhi. Mama Spana alikubali palepale. Ukitaka afanye jambo, mwambie haliwezi.

Alifuata utaratibu aliofundishwa na marehemu. Aliifuta plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, safi. Chujio la hewa halikuwa na taka. Ikabaki kupima nguvu ya silinda, na marehemu alikuwa akiipima kwa kidole gumba: unaziba tundu la plagi, unavuta kamba, upepo unakisukuma kidole kitoke. Aliziba tundu. Kamba alikuwa bado hajaigusa.

Kidole kikavutwa ndani.

Kikaachiwa, kikavutwa tena, polepole, kama mtu aliyelala anavyopumua, na alipojaribu kukitoa kikang'ang'aniwa, na kitu laini chenye ubaridi kikapita kwenye ncha yake taratibu, kikarudi, kikapita tena, kama mtu anayeonja mchuzi kabla hajaamua kula.

Alikichomoa kwa nguvu zote. Ngozi ilikuwa na alama ya duara, nyekundu.

"Mama, nisamehe," mtunza bustani alinong'ona. "Tangi lilikuwa chafu. Nikalisuuza kwa maji ya kile kisima kilichofungwa, nyuma ya madarasa. Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

Alipogeuka kumjibu, mlangoni hapakuwa na mtu. Alibaki peke yake, na aliogopa. Hata hivyo aliinamisha mashine, akamimina kilichokuwamo tangini kwenye beseni. Kilikuwa cheusi na kilitoka kingi kuliko tangi lenyewe. Akafungua kabureta, akaanza kuikausha kwa kitambaa.

"Mke wangu."

Sauti ilitoka kwenye tundu la plagi. Ilikuwa ya mumewe hasa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, na mkono wa Mama Spana ukasimama wenyewe, kwa sababu kwa miezi mitano alikuwa akilala na redio wazi ili nyumba isiwe kimya, na sasa sauti ile ile aliyoililia ilikuwa hapa, karibu na magoti yake, ikimbembeleza polepole, ikimwambia acha, usiikaushe, niache nikae humu, tutakuwa tunaongea kila siku, mke wangu, funguo ni chuma tu.

Machozi yalimtoka. Aliyafuta kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na grisi.

"Umekosea mawili," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu hakuwahi kuniambia niache kazi katikati. Halafu hakuniita mke wangu hata siku moja. Aliniita Fundi."

Ndani ya silinda, pumzi ikakatika.

Alirudisha kabureta, akatia petroli mpya, akafunga plagi huku kitu kikiisukuma kutoka chini. Akavuta kamba. Nayo ikamvuta yeye, ikambwaga kifudifudi. Akainuka, akaweka mguu juu ya mashine, akavuta tena. Mara ya tatu injini ilipiga ukelele ambao si wa injini, moshi mweupe wenye harufu ya kisima ukajaa karakana na kutoka mlangoni mbio, kisha mngurumo ukatulia, sawasawa kabisa.

Shemeji alipofika aliikuta inaunguruma. Aliitazama mashine, akautazama mdomo wa Mama Spana uliopasuka, akaondoka bila hata kuomba maji ya kunywa.

Mama Spana aliizima, akachukua funguo zake. Alikuwa ameshika kitasa aliposikia nyuma yake, kutoka kwenye beseni alilosahau kulimwaga, sauti ya upole sana.

"Fundi."

Alisimama kidogo. Kisha akaufunga mlango kwa ndani, akakunja mikono ya gauni.

"Haya," alisema. "Umejifunza. Sasa tuanze upya."