Programu Iliyomfungia Dada Nje

Kila alasiri Kitinda alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kona ya sebule alipokaa dada yake. Hapakuwa mahali pa utulivu. Bibi alikuwa na kiti chake pale, majirani walikuwa na maneno yao pale, na mpita njia yeyote aliyesikia kicheko alijua nafasi ya mtu mmoja zaidi haikosekani. Dada hakulalamika. Aliweka kompyuta mapajani na kisikizi kwenye sikio moja. Sikio la pili aliwaachia wapiga soga.

Dada hakuwa anaona tangu utotoni. Kompyuta yake ilikuwa na programu iliyomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na ilisoma mbio ajabu. Siku moja Kitinda aliazima kile kisikizi akasikia mlio tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo.

"Dada, unaelewa hayo?"

"Leo hata nimeipunguza mwendo," Dada alijibu. "Bibi anasimulia harusi iliyovunjika. Sitaki kupitwa."

Kitinda alimrudishia kisikizi chake. Kwake, hapakuwa na mtu wa maajabu kumzidi dada yake.

Wiki hiyo kituo cha redio kilikuwa kimempa Dada jaribio la kuandika mchezo mfupi. Ukipendeza, angeajiriwa. Ulitakiwa ufike Alhamisi, kabla ya jua kuzama. Lakini Jumatano diski ya kompyuta iliharibika. Fundi akaweka nyingine, akarudisha kazi zote salama. Alhamisi alasiri Dada akawasha mashine ili aupitie mchezo mara ya mwisho.

"Leseni haijathibitishwa," programu ilisema. "Andika herufi unazoziona kwenye picha."

Dada alikichomoa kisikizi sikioni.

"Imesemaje?" Bibi aliuliza.

"Imeniambia nitazame picha, Bibi."

"Ama kweli! Si walitengeneza kwa ajili ya wasioona?"

Watu waliangua kicheko, na Dada mwenyewe akacheka. Kitinda alimsomea zile herufi, Dada akaziandika. Programu ikajibu kwamba leseni hiyo tayari ilikuwa inatumika kwenye kompyuta nyingine. Halafu ikarudia swali la picha. Ilikuwa imebaki na maneno hayo tu mdomoni. Kusoma, ilikataa katakata.

"Kompyuta nyingine ipi?" Dada alisema, na safari hii hakucheka. "Nimedunduliza mwaka mzima kuinunua, leo inaniuliza mimi ni nani!"

Alipiga simu kwa kampuni iliyotengeneza programu. Alipigiwa muziki, muziki ukaisha, ukaanza upya. Mwishowe msichana mmoja akasema malalamiko yamepokelewa, asubiri apigiwe.

Hapo akaingia binamu yao, aliyeitwa Flashi kwa sababu ya vijidude vya kuhifadhia programu alivyovaa shingoni kama shanga.

"Dada mkubwa, unahangaikia nini? Ninayo hiyo hiyo, imeshavunjwa kufuli. Haiulizi leseni wala picha. Nikuwekee?"

"Umeipata wapi?"

"Ah, imezagaa tu."

"Basi ni ya wizi. Asante, mdogo wangu, sitaki."

"Lakini wao ndio wamekufungia nje!"

"Wamenikosea, na nitawaambia hivyo hivyo wakinipigia. Nikiiba, nitawaambia nini?" Dada aliiweka kompyuta mezani, akageuza kiti. "Kitinda, mdogo wangu, njoo hapa. Leo wewe ndiye macho yangu. Soma polepole, usiruke kitu. Penye kosa nitakuambia urekebishe."

Kitinda alikaa mbele ya skrini. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Dada alisikiliza ameinamisha kichwa, akisema "ondoa hilo neno", "hapo weka nukta". Majirani waliacha soga zao, hadithi imewakamata.

Kwenye ukurasa wa tatu mkono wa Kitinda uliteleza. Aya nzima ikageuka rangi, na kabla hajajua amegusa kitufe gani, ikatoweka. Ilikuwa maneno ya mama anayemfungulia mlango mwanawe aliyepotea kwa miaka. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama dirishani, na watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mbona kimya?" Dada aliuliza.

Kitinda aliijua aya ile kwa moyo, maana Dada aliirudia kwa sauti wiki nzima. Akafumba macho, akaisema yote bila kukosea neno. Bibi alifuta machozi.

Dada aliinua kichwa. Kisha akauliza kwa upole, "Hiyo umeisoma?"

"Ndiyo, Dada."

"Ukisoma, sauti yako inagonga skrini kwanza, ndipo inanifikia. Hii imekuja moja kwa moja. Ulikuwa umenigeukia mimi."

Kitinda alihisi nywele zikimsimama. Kumbe giza la dada yake lilikuwa na macho ya namna yake! Machozi yakamtoka.

"Nimeifuta, Dada. Sikukusudia. Niliogopa."

"Umelifunga faili la mchezo?"

"Hapana."

"Basi bado tuna bahati." Vidole vya Dada vikapapasa kibodi, vikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. "Tazama sasa."

Aya ikarudi pale pale, nzima nzima, kama iliyokuwa imejificha nyuma ya mlango. Sebule ilipiga makofi. Wakamaliza kusoma, na mchezo ukatumwa wakati mwanga wa mwisho ukiwa bado ukutani.

Simu ya kampuni ililia taa zikiwashwa. Mwanamume mmoja alieleza kwamba programu iliona diski mpya, ikadhani imehamishiwa kwenye kompyuta nyingine. Sasa ameifungua.

"Asante, kaka. Lakini mimi niliyelipa nimekaa nje alasiri nzima, na aliyeiba anaingia na kutoka. Na hiyo picha, nani aliona ni busara kumwonyesha asiyeona?"

"Nitalifikisha kwa wakubwa, dada."

"Hao wakubwa wenyewe wanaona?" Bibi aliuliza kwa sauti, na hata yule mtu wa simu alicheka.

Jumatatu kituo cha redio kilimwita Dada aanze kazi. Nyumba ilijaa hadi ukumbini, kila mtu akimsifu Kitinda. Yeye alijificha nyuma ya pazia. Dada aliufuata mkwaruzo wa miguu yake hadi pale.

"Nilikudanganya, halafu wananisifu," Kitinda alinong'ona.

"Ulikosea mara mbili," Dada alisema. "Kufuta ni bahati mbaya, kila mtu hufuta. Kuficha ndiko kulikotaka kutuponza, maana tungefunga faili, aya isingerudi tena. Ukiharibu kitu, sema kabla mlango haujafungwa. Programu ile ilinidai ushahidi kwa sababu haimjui mtu. Mimi nilikukabidhi macho yangu bila kukudai chochote, kwa sababu wewe nakujua. Nitakukabidhi tena, ila uniambie unachokiona, hata kikiwa kibaya."

Akamshika mkono, wakatoka pamoja kwenda kwa wageni.