Mtambo Uliogombaniwa Bungeni

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la vipuri.

Kinara alichora kwa chaki sakafuni. Mlango. Ngazi. Maabara ya kupimia mitambo ya simu kutoka nje.

"Tunabeba mtambo ulio mezani, basi. Bunge likianza, walinzi wote macho kwenye televisheni."

"Nani anautaka?" Shoka aliuliza.

"Sijui. Wabunge hawa wanasema unapeleleza nchi, wale wanasema ni fitina. Sisi yanatuhusu nini?"

"Na tukikuta mtu?"

"Shahidi habaki."

Kinara akamgeukia Fundi. "Wewe unabaki garini na mashine yako. Ukiiwasha, simu haitoki wala haiingii jengo zima. Dada yako anayefanya kazi humo je?"

"Atakuwa bungeni. Wameitwa wakaeleze walichopima."

Bila hilo Fundi asingekubali. Dada ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Hakuwa na mwingine.

Saa nne kasorobo. Nje ya maabara.

Fundi akawasha mashine. Kinara na Shoka wakaingia na ovaroli za mafundi umeme. Redio ya upepo waliyowasiliana nayo, ambayo mashine haikuigusa, ilikuwa wazi pajani pake. Redio ya gari ilikuwa kwenye matangazo ya bunge.

"Mheshimiwa Spika, hawa wataalamu wametumwa na nani?"

"Kaa chini wewe!"

Fundi alicheka peke yake. Watu wazima na suti zao, wanagombana kama watoto walionyang'anyana mpira.

Kisha mtangazaji akakumbusha: wataalamu walikuwa wamekataliwa tangu mwanzo wa kikao, wakaambiwa warudi kazini.

Kicheko kikamkauka. Dada hakuwa mtu wa kupitia nyumbani kwanza. Alikuwa ndani, na wale wawili walikuwa wanapanda ngazi.

Wakikamatwa, na wakamatwe. Akazima mashine, akampigia.

Simu ikaita sikioni. Ikaita pia kwenye redio ya upepo.

"Kuna mtu chini ya meza," sauti ya Shoka ilisema.

Dada alikuwa amejificha vizuri tu, hawakuwa wamemwona. Simu ya Fundi ndiyo iliyomfichua. Fundi akahangaika kukata, lakini dada alishapokea.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "leo usije ofisini. Kuna watu wabaya."

Mlio wa bastola ukamwingia masikio yote mawili.

Saa nne na dakika tano.

Kinara alitoka mbio amekumbatia mtambo, Shoka nyuma yake. "Washa gari!"

Fundi alishuka, akautupa ufunguo mtaroni.

"Umerukwa na akili?"

"Yule ni dada yangu."

Kinara alitazama bastola mkononi mwa Shoka. Mtu jengoni alikuwa ameshapiga simu polisi, ving'ora vilikuwa vimekaribia. Walitimua mbio, wakadakwa kwenye kona.

Kwenye redio ya gari, waheshimiwa walikuwa wamekubaliana jambo moja: kwenda kunywa chai.

Fundi alikaa chini barabarani, analia kwa sauti, anamwita. Polisi walipomwamuru aweke simu chini, aliwaomba wasubiri kidogo, dada yake alikuwa hajakata.