Lorna Aomba Njia

Lorna Sawchuk ni mpishi wa shule huko Alberta, Kanada. Mumewe, Dale, ni fundi wa matrekta. Kila vuli hunoa visu, husafisha friza, kisha huenda kuwinda. Nyama ya kulungu ndiyo huwavusha majira ya baridi.

Mwaka jana walirudi mikono mitupu. Waliingia kwa gari katika malisho ya mfugaji Gordon Maclure, naye akawafukuza. Dale aliteta naye kwamba ardhi ile ni ya serikali, ni ya wote.

"Na ng'ombe je, nao ni wa wote?" Maclure alimuuliza.

Mwaka huu Dale alitaka wapenye kimyakimya. Lorna alikataa. "Mimi siwindi kama mwizi," alisema.

Akaenda kwa jirani yao, Verna, aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ardhi. Verna alitaka kujua kwanza kama waliwahi kumwomba Maclure ruhusa. Lorna akasema hapana.

"Sikiliza, mwanangu," Verna alisema. "Ardhi ni ya umma, kweli. Lakini Maclure ameikodi alishe ng'ombe wake. Mpigie simu kabla ya kwenda. Mwambie mko wangapi, mnakuja siku gani, mtapitia wapi."

"Akikataa?"

"Gari anaweza kulikataa. Na ng'ombe wakiwa ndani, anaweza kuwazuia msiingie. Ila hawezi kuwakatalia bila sababu. Akifanya hivyo, yupo afisa wa serikali wa kuamua."

Lorna alipiga simu. Maclure aliuliza kama ndio wale wa gari. Lorna alikiri, akaomba radhi. Maclure akamwambia kwamba ng'ombe wangehamishwa Ijumaa. Waje Jumamosi, kwa miguu.

Jumamosi walitembea juu ya theluji tangu alfajiri. Lorna alimwangusha kulungu dume kwa risasi moja. Lakini barabara ilikuwa mbali, kilomita tatu.

"Nilete gari?" Dale aliuliza. "Dakika kumi tu. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Wakaikata nyama vipande, wakaibeba mgongoni. Walikwenda mara tatu. Safari ya mwisho, walimkuta Maclure juu ya farasi kando ya ua wa malisho. Alikuwa akiwatazama tangu asubuhi. Alishuka, akamtua Dale mzigo, akaupakia juu ya farasi, wakaongozana hadi barabarani.

"Mwakani mnipigie mapema," alisema wakiagana. "Nitawaonyesha bonde la mashariki. Huko ndiko madume hulala."

Dale alimtazama mkewe, akavua kofia. Lorna hakuhisi tena maumivu ya mabega.

Wiki iliyofuata, dukani, wawindaji wawili walikuwa wakilalamika kwamba Maclure ni mchoyo, haruhusu mtu. Lorna aliweka kikapu chini.

"Mmemwomba?" aliuliza.

Mmoja akatikisa kichwa.

"Basi toeni simu zenu," Lorna alisema. "Nawapa namba yake."