Alasiri ya Siku ya Tatu

Mvua ya mawe ya Johannesburg haina adabu. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi iliwakuta watu wa Rosettenville barabarani na mifuko ya manunuzi mikononi, ikawatawanya kama kuku. Kila mlango uliokuwa wazi ulijaa. Mlango wa duka la fotokopi la Bakiri, Mtanzania mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ulipokea watu kumi na tisa na gauni moja la harusi.

Gauni lilikuwa ndani ya nailoni, limeinuliwa juu kabisa kwa mkono mmoja. Mwenye mkono huo alikuwa fundi cherehani mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake la rangi ya haradali limelowa mpaka limeganda kifuani. Maji yalimtiririka yeye. Gauni halikuguswa hata na tone.

"Pardon, dada," alimwambia msichana aliyekaa nyuma ya kompyuta. "Nina bibi harusi hapa. Niko natafuta mahali pa kumutundika."

"Bibi harusi wako hana kichwa."

"Kichwa kiko Kensington, kinasukwa nywele."

Msichana alicheka bila kutaka, akamwonyesha msumari ukutani. Jina lake lilikuwa Emérite, Mrundi aliyeletwa mji huu akiwa na miaka tisa. Alivaa blauzi ya kitenge cha bluu iliyombana kiunoni, na miwani aliisukuma juu ya rasta zake. Alikuwa na mteja mbele yake, na mteja huyo alikuwa anafeli mtihani.

"Tuanze tena, kaka. Siku ya pili unalala wapi?"

"Nice."

"Siyo Nice! Huo mji ni wa siku ya tatu. Ukisema hivyo dirishani wanakurudisha nyumbani. Siku ya pili?"

"Marseille," lilisema gauni ukutani, au mtu aliyesimama kando yake. "Hoteli ya karibu na stesheni. Asubuhi anapanda treni ya saa tatu, anakaa upande wa kulia ili aone bahari."

Emérite alishusha miwani, akamtazama vizuri. "Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Lakini nimesikiliza mara mbili tu, na sasa nataka kwenda. Unaisema ile bahari kama vile ulizaliwa kando yake."

"Sijawahi kuona hata ya Durban."

Ni kweli, hakuwahi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu mpango wa safari, ule ambao ofisi za viza huudai: siku kwa siku, hoteli, treni, mambo ya kutazama. Aliujua ule mwambao wa Mediterania, kutoka Marseille mpaka Menton mpakani na Italia, kuliko alivyoijua Soweto. Akishaandika, humfundisha mteja majibu mpaka ayaseme bila kusita. Wateja wake hawakwenda kutazama chochote. Walikwenda na mkoba mdogo wa siku tano, wakapotelea huko. Mmoja wao, Yves, alikuwa mchumba wake. Mpango wake Emérite aliuandika bure, kwa mapenzi, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika bila Yves kupiga hata simu.

Mvua ilipokatika, fundi alichukua gauni lake na namba ya simu ya Emérite. Aliitwa Pacifique. Mtu wa Bukavu, kiwanda chake kilikuwa Bertrams, chumba kimoja chenye cherehani mbili, karibu na uwanja wa Ellis Park.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, na kwa mchezo mmoja tu.

"Halo, ofisi ya viza," Emérite angesema akiona jina lake.

"Bonjour, bosi. Niko tayari kwa maswali."

"Siku ya kwanza uko wapi?"

"Niko na wewe."

"Kosa. Siku ya pili?"

"Bado niko na wewe, chérie, hatujatoka chumbani."

"Eish, Pacifique! Viza imekataliwa. Nenda kashone."

Alikuwa anacheka peke yake mbele ya wateja, na Bakiri akawa anamuuliza kama ni malaria. Kabla ya miezi mitano kwisha, Pacifique alikuwa amepeleka wazee wawili kwa mjomba wake Emérite kusema kwamba mahari italetwa, na harusi ifungwe Desemba. Na siku moja, akiwa amepata malipo ya kushonea kwaya nzima, aliingia dukani akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Niandikie mpango," alisema. "Siku tano, watu wawili. Mimi na wewe."

Emérite alidhani ni utani. Alipoona si utani, alifungua ukurasa mpya kwenye kompyuta. Yeye aliyeuza bahari kwa wengine ndiye sasa aliyeinunua. Jioni zote za mwezi huo walikaa wakichagua. Alitaka kuona soko la maua. Pacifique alitaka kula samaki mahali ambapo wanampa kitambaa cha kuweka mapajani.

"Na kuogelea?"

"Mimi, mutu wa ziwa Kivu? Utanitoa ndani ya maji na polisi."

Kisha yakaja mambo mawili, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

La kwanza alilisema kwa sauti ndogo. "Mpenzi, niko na kaka kule. Déo. Yuko Lyon. Usimuandike."

Emérite hakushangaa. Kila mkimbizi wa Johannesburg anajua kwamba ukiwa na ndugu Ulaya, ofisi ya viza inakuona umeshapotea. Yeye mwenyewe aliwafundisha wateja wote jibu moja: sina ndugu.

La pili lilikuwa dogo zaidi, na ndilo lililoharibu kila kitu.

"Siku ya tatu, pale Nice, alasiri usiweke kitu," Pacifique alisema.

"Nimeweka makumbusho."

"Toa."

"Tufanye nini basi?"

"Hapana kitu. Tutaona." Akatabasamu, akatazama pembeni.

Emérite alimwuliza tena kesho yake kwa simu, akalegeza sauti kama anatania. "Baba, ile alasiri una mwanamke mwingine?"

"Niko naye, tena mzee kunipita," Pacifique alicheka. "Ni surprise. Niachie."

Emérite hakucheka. Katika kazi yake, mahali patupu kwenye mpango ndipo watu hupotelea. Alijua bei ya treni kutoka Nice kwenda Lyon, alijua saa zake. Aliona kwa macho ya moyo atakavyobaki hotelini na mikoba miwili, kama alivyobaki na simu ya Yves isiyoita. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndiyo, lakini wengi hushtuka tu. Huyu alishika panga.

Kwenye fomu kulikuwa na swali: Una ndugu wa karibu huko? Kwenye fomu yake mwenyewe aliandika hapana. Kwenye ya Pacifique aliandika ndiyo, kisha jina la Déogratias, kisha Lyon. Alijiambia kwamba anaandika ukweli tu, na ukweli si dhambi. Mtu akitaka kumuumiza mwenzake, hakosi neno la kujisafishia.

Pacifique alitia saini bila kusoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kupima kiuno na kutaja bei, na tena, nani anasoma kilichoandikwa na mpenzi wake?

Asubuhi ya miadi walikwenda pamoja. Pacifique alivaa suti ya kijivu aliyoishona kwa siku tatu, na Emérite gauni la bluu la mikono mirefu, kazi ya mikono ileile. Nje ya ofisi ya viza, Pacifique alimshika vidole.

"Niulize mara ya mwisho, bosi."

"Nani analipia safari?"

"Mimi mwenyewe. Fundi cherehani."

"Utarudi lini?"

"Siku ya sita. Niko na kazi, niko na mchumba."

Emérite aliutazama mlango. Hapo ndipo angeweza kusema. Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa, fomu zilikuwa bado mkononi mwake.

"Una ndugu Ulaya?"

"Sina."

"Vizuri, mpenzi," alisema, akamnyoosha kola.

Waliitwa kwenye madirisha tofauti. Emérite, mwenye ukaazi wa kudumu, alimaliza kwa dakika saba. Kisha alikaa kwenye kiti akautazama mgongo wa Pacifique, na kile kichwa kikitikiswa kukataa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Emérite alipewa viza. Pacifique alinyimwa: ametoa maelezo yasiyo ya kweli.

Mchana ule alimfuata Bertrams na keki mkononi. Alikuwa ameshapanga la kumfariji. Alimkuta Pacifique amekaa kwenye cherehani bila kushona, pasi inapoa kando yake.

"Pole, mpenzi wangu," alisema, akamkumbatia shingoni kwa nyuma. "Mimi pia siendi, sina la kufanya huko bila wewe. Twende Durban! Bahari si bahari tu?"

"Si bahari, Emérite." Pacifique hakugeuka. "Ni Mama."

"Mama yupi? Si uliniambia alikimbia Bukavu, yuko kwa ndugu?"

"Yuko kwa Déo. Yuko Lyon toka mwezi wa pili. Macho yake iko nakufa. Docteur alisema mpaka Noeli hataona tena. Miaka kumi na tatu hajaniona, mimi na hii hati yangu ya ukimbizi. Déo alimununulia tiketi ya treni. Siku ya tatu, saa nane, angefika Nice. Nilitaka umukute amekaa pale kando ya maji, nikuambie: chérie, huyu ndiye mwanamke wangu mwingine."

Emérite aliiweka keki juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Surprise ya kuambiwa ni surprise gani?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Ni kosa yangu. Yule bwana aliniuliza niko na ndugu. Nikasema sina, vile ulinifundisha. Akatazama karatasi, akauliza tena. Sina. Akauliza tena. Nilimukana ndugu yangu mara tatu, kama Petro. Walijuaje? Sijui walijuaje."

Akasimama, akatoa simu mfukoni. Alikuwa anajaribu kutabasamu, na hilo Emérite hakuweza kulivumilia.

"Bon. Mama anangoja. Wazee waliuliza mjomba; wewe mwenyewe, nilimwahidi nitakuuliza mbele yake, kule Nice. Basi nitakuuliza hapa, kwa simu, anaona bado."

"Usipige."

"Unaogopa mama mkwe?"

"Niliandika mimi, Pacifique."

"Uliandika nini?"

"Déo. Lyon. Niliandika kwenye fomu yako. Nilidhani ile alasiri utaniacha, kama Yves. Nikaandika, na sikukuambia."

Pacifique hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alitoa kwenye bahasha nakala ya fomu, akaitandaza juu ya cherehani, akaanza kuisoma kwa mara ya kwanza, kidole chini ya kila neno, polepole kama mtoto wa shule. Kidole kilifika kwenye jina la kaka yake, kikasimama.

"Na asubuhi ile, pale nje," alisema. "Uliniuliza."

"Ndiyo."

"Nikasema sina. Ukasema vizuri."

"Ndiyo."

Alimpa simu. "Mupigie wewe. Mwambie."

"Pacifique, nakuomba..."

"Piga."

Simu iliita mara mbili tu. Kwenye kioo alitokea mama mwembamba mwenye kilemba cha kijani, uso ameusogeza karibu mno, jicho moja limefunikwa na ukungu.

"Emérite! Mutoto yangu! Sogea ku dirisha, mama, nikuone muzuri."

Emérite alisogea dirishani.

"Ehee. Bluu. Ananiambiaka unapenda bluu. Uko muzuri kupita picha. Mbona unalia? Ni ile viza? Mungu atafungua ingine."

"Mama, si Mungu aliyefunga," Emérite alisema. Akaeleza yote, Yves na fomu na lile "vizuri" la nje ya ofisi. Alipomaliza, kutoka ile nyumba ya mbali zilisikika sahani zikioshwa.

"Uliandika na mukono yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Geuza simu. Nitazame mutoto yangu."

Emérite aliigeuza. Akasimama pale ameishika kwa mikono miwili, na mama akamtazama mwanawe. Mikono ilianza kumuuma, kisha kutetemeka, na kila ilipotetemeka sauti ilitoka kwenye simu: "Shika muzuri." Pacifique alikaa wima kwenye kiti, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Baadaye sana mama aliuliza, "Pacifique, umeisha kumuuliza?"

"Bado, Mama."

"Unamutaka bado?"

Pacifique aliitazama fomu juu ya cherehani. "Namutaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri ugonjwa.

"Basi muulize sasa, ningali naona."

Alimtazama Emérite usoni kwa mara ya kwanza tangu amwambie. "Emérite, utaolewa na mimi?"

Kwa miezi yote hiyo hilo ndilo neno alilolitaka, na sasa machozi yalimwingia mdomoni na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Ndiyo," alisema.

"Nimeona," mama alisema, akakata simu.

Pacifique alichukua simu yake, akairudisha mfukoni. Akaiondoa keki juu ya kitambaa cha mteja, akapangusa makombo, akaketi, akatia uzi kwenye sindano.

"Desemba, basi, vile tuliwaambia wazee," alisema, macho kwenye sindano. "Lakini kadi za mwaliko aandike mutu mwingine."